Mama Mkwe Upande wa Pili wa Pazia

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeonyeshwa leo kitoto kinachoenea kiganjani, ukaambiwa ufungue shati ukiweke kifuani, nawe ukageuka nyuma kutazama kama anayeambiwa ni mtu mwingine. Anayeambiwa ni wewe. Fungua vifungo. Mengine tutaongea ukiwa umeshakaa.

Habari za mapafu na damu sitazieleza, maana sizijui, na wanaozijua wana kazi nyingi. Mimi ni mkulima wa migomba na kahawa wa Chonyonyo, mwimba besi katika kwaya ya Kilutheri. Ninachoweza kukueleza ni namna binti yetu Kemilembe alivyotoka kwenye uzito usiofikia jogoo la kuchinja, hadi leo anapokaa mwenyewe mkekani na kupaka ndizi ukutani. Nitakueleza pia namna mama mkwe wangu na mimi tulivyokaribia kumpoteza kwa sababu ya heshima.

Kemi alikuja mvua za vuli zilipoanza, zaidi ya miezi miwili kabla ya wakati wake. Mke wangu Jovitha alishikwa na kifafa cha mimba asubuhi akimenya ndizi, tukamkimbiza hospitali, wakampasua. Mtoto akapelekwa chumba cha watoto njiti. Jovitha akabaki wodi nyingine na homa iliyokataa kushuka, na mshono wake ukaanza kutoa usaha. Nikawa na watu wawili katika majengo mawili, na kati yao uwanja wa matope.

Nesi wa zamu alikuwa mwanamke mfupi, Sista Domina, mwenye sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Baba, vua shati."

"Mimi?"

"Kuna baba mwingine hapa?"

Nilitazama. Hakukuwepo.

"Mama yake ana homa, hawezi," alisema. "Mashine ya joto ni moja na watoto ni wengi. Huyu anataka joto la mtu mchana na usiku, ngozi kwa ngozi. Akipoa tunampoteza. Umenielewa?"

Nilielewa, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Wakamweka kifuani kwangu amevaa kofia na nepi iliyomzidi, miguu yake myembamba kama ya senene, panzi wetu wa kuliwa, wakatufunga pamoja kwa kitenge na mafundo mawili mgongoni. Nilikaa bila kukohoa hadi mchana. Mama mmoja wa kitanda cha jirani akaniuliza kama nimekufa.

Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Kuna kula, kuna kuoga, kuna haja, na kuna mke mgonjwa upande wa pili wa matope. Mama yangu alishatangulia mbele za haki, na dada yangu ameolewa mbali na yeye mwenyewe alikuwa na kichanga. Aliyebaki alikuwa mama mkwe wangu, Mama Leokadia, mjane mfuga ng'ombe wa Mabira huko Kyerwa. Nilipoambiwa anakuja, jasho lilinitoka hadi mtoto akalowa.

Kwa asiyekuwa wa kwetu, nieleze kidogo. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakai benchi moja, hawatazamani usoni. Tukikutana njiani mimi huingia kwenye migomba, yeye huingia kwenye kahawa ya mtu, kisha kila mmoja huendelea na safari yake na majani kichwani. Tukiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu. Tangu nimuoe binti yake nilikuwa namfahamu mama yule kwa mgongo na kwa kandambili zake za bluu. Sasa alikuwa anakuja kubadilishana nami mtoto, kifua kwa kifua.

Alifika kwa bodaboda, galoni la maziwa mapajani. Akasimama mlangoni mwa wodi, akaniona sina shati, akageukia ukuta papo hapo.

"Ai waitu! Jamani, mwambieni baba mtoto ajisitiri."

"Mwambieni mama," nikamjibu kupitia jirani, nami nikitazama dirisha, "kwamba nilivyokaa ndivyo nilivyoamriwa."

Jirani hakuwa na haja ya kumwambia mtu chochote, maana wodi nzima ilisikia. Kabla ya jioni mama mkwe alikuwa ameshapata ufumbuzi. Alifunga kitenge kutoka chuma cha dripu hadi dirishani, likawa pazia. Upande huu mimi, upande ule yeye. Zamu ikifika, nafungua mafundo, namshika Kemi mikononi, nageuza uso dirishani, napenyeza mikono pembeni mwa pazia. Yeye upande wake ameshalegeza gauni na kufumba macho. Akimpokea anasema "Haya," nami naachia. Sista Domina alituangalia siku ya kwanza, akatikisa kichwa, akaenda kwenye watoto wengine.

Mtu wa tatu tulimpata palepale, hakuwa na kazi nyingine.

"Kemi," sauti ilitoka ng'ambo ya pazia, "mwambie baba yako mikono yake ni ya baridi, akaipashe kwenye chai kwanza."

"Kemi, mwambie bibi yako nimesikia."

"Kemi, mwambie baba yako asiseme amesikia, aipashe."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Zamu yangu mtoto alisikia besi ya kwaya, maana niligundua nikiimba chini chini kifua kinatetemeka naye anatulia. Zamu ya bibi yake alisikia rozari, maana mama ni Mkatoliki wa kupindukia. Sista Domina akasema mtoto anapumua vizuri katika madhehebu yote mawili na tusimletee la tatu.

Sasa nikuonye kuhusu mwili wako. Utaanza kutembea umeegemea nyuma, mkono mmoja kiunoni. Kifua kitatoka vipele. Utanuka maziwa, yale yanayokamuliwa kwa mama na kuletwa kwa kikombe, hata uoge mara ngapi. Na utanenepa, hilo sikuambiwa na mtu. Akina mama wa kanisani walikuja kutoka Chonyonyo na mchuzi wa kuku, uji na ndizi laini, chakula cha mzazi. Jovitha alikuwa hawezi kula. Wakatazamana, wakanipa mimi. "Kula baba, ndiwe unayelea." Baada ya siku chache suruali haikufunga.

Senene zilipoanguka, wenzangu wa kwaya walikuja kunitazama na kopo la senene za kukaanga. Hapo ukazuka mjadala uwanjani. Zamani kwetu mwanamke alizikamata na kuzitoa mabawa lakini hakuzila, ni chakula cha wanaume. Mzee Anicet, besi mwenzangu, alilivuta kopo nyuma.

"Huyu kwa sasa ni mama," alisema. "Tutampaje?"

Walijadiliana kwa uzito kuliko mkutano wa kijiji. Mwishowe wakaamua kwamba kifua ni cha mama lakini mdomo umebaki wa mume. Kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imemshika mtoto, Mzee Anicet alinilisha mwenyewe, moja moja, akiwa ameudhika. Nilikula hadi za mwisho kabla hawajabadili uamuzi.

Nakuchekesha, lakini usidhani tulikuwa tunacheka siku nzima. Kila asubuhi Kemi alipelekwa mizani. Wenye njiti wote tulipanga mstari na vitoto vyetu. Siku uzito ukipanda, uji una ladha. Siku ukishuka, unarudi kukaa na kujiuliza ulimpunguzia nini. Kuna wiki moja ulishuka na kushuka, na kitanda cha jirani yangu kikabaki kitupu. Kesho yake mama yule alirudi kuchukua ndoo yake na kuniachia sabuni. Nilimwambia asante kwa sabuni.

Kosa letu lilitokea mchana mmoja wa mvua, wakati wa chakula. Nilikuwa nimebanwa na haja, nikasikia nyayo upande wa pili wa pazia. Nikafungua mafundo, nikageuza uso dirishani, nikapenyeza mikono. Mtoto akapokelewa. Sauti ya kike ikasema, "Haya." Nikaachia, nikaenda zangu msalani, kisha nikavuka matope kumwona Jovitha.

Kando ya kitanda chake kulikuwa na kandambili za bluu.

Mama mkwe alikuwa ameinama anamwosha binti yake miguu. Aliponisikia akageukia ukuta. Nilisimama pale mlangoni. Mtu wa tatu ilibidi awe mgonjwa.

"Jovitha," nikasema, "muulize mama yako mtoto yuko wapi."

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Mwambie baba mtoto," mama akauambia ukuta, "mtoto yuko kwake. Zamu yangu haijafika."

Jovitha alikuwa hajainua kichwa tangu juzi yake. Akakiinua. Akanitazama mimi, akamtazama mama yake, akatazama vifua vyetu viwili vitupu.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

Tulikimbia. Hata hivyo, mkwe hakimbii sambamba na mama mkwe wake, kwa hiyo mimi nilishika ukuta wa kulia wa korido, yeye wa kushoto, nyuso zetu zimegeukia kuta. Nilimgonga mhudumu aliyebeba beseni. Yeye alimgonga katekista.

Kemi tulimkuta amelala fofofo kifuani kwa msichana mmoja wa Kiruruma, mzazi wa mara ya kwanza, aliyelazwa siku ile ile na njiti wake. Alikuwa ameingia nyuma ya pazia kuanika nepi. Sasa alikaa wima kitandani, mtoto wake upande wa kushoto, wetu upande wa kulia, akitutazama kwa adabu.

"Niliona mikono inanipa mtoto," alisema. "Nikadhani ndivyo hospitali hii inavyogawa. Ningekataa?"

Sista Domina alikuja, akasikiliza, akalivuta pazia akaling'oa lote.

"Kuanzia leo humu ndani hakuna mkwe wala mama mkwe! Kuna joto tu! Mkitaka kuheshimiana, mkaheshimiane nje ya geti, mtoto akiwa hai!"

Niliporudi kumweleza Jovitha alianza kwa kulia. Nilipofika sehemu ya yule msichana wa Kiruruma, na mtoto kila upande, akaanza kucheka. Alicheka ameshika mshono kwa mikono miwili, akinisihi ninyamaze, akiniambia endelea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu aanguke pale jikoni, na jioni ile aliomba uji. Mpaka leo nasema kosa lile lilifanya kazi kuliko sindano zake zote, lakini sindano za wako ziendelee tu.

Pazia lilirudi kesho yake, Sista Domina alipotoka zamu. Sasa mama alilifunga chini zaidi, ili akiinama aone vidole vyangu na kuhakikisha ni vyangu. Usimlaumu. Amri ya Sista ilikuwa ya mdomo, na heshima ile mama aliikuta duniani.

Siku chache baadaye, asubuhi, baada ya mizani, nilikuwa nafungua mafundo kwa ajili ya zamu yake. Unapokaa na mtoto kifuani siku nyingi, pumzi yake unaizoea hadi husikii tena. Asubuhi ile niliisikia kwa sababu haikuwepo. Tumbo lake lilikuwa limetulia juu ya tumbo langu. Nikamtikisa kidogo. Midomo ilikuwa inageuka rangi.

"Mama!"

Sikusema Kemi mwambie. Nilimwita mwenyewe, mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Mama, hapumui!"

Pazia lilianguka pamoja na chuma cha dripu. Mama Leokadia aliingiza mkono ndani ya kitenge kifuani kwangu hadi kiwikoni, akaanza kumsugua mtoto mgongo, juu chini, juu chini, mkono mwingine ukimpiga vidole kwenye nyayo. Paji lake la uso lilikuwa begani kwangu. Nilisikia harufu ya samli kwenye nywele zake.

"Kemi! We Kemi! Usituache!" Kisha akaniangalia machoni. "Na wewe usilegee! Mkaze hapo hapo, asipoe!"

Nilimkaza. Sista Domina alifika mbio na kile kipira chao cha kupulizia hewa, akamwinamia mtoto kifuani kwangu palepale. Sijui ilichukua muda gani. Najua niliahidi vitu vingi kwa Mungu, vingine sina uwezo navyo. Kisha Kemi akakohoa, akakunja uso, akatoa kilio chembamba cha mtu aliyeudhiwa usingizini. Wodi nzima ikashusha pumzi.

Hapo ndipo mama alipotambua mkono wake uko wapi. Nami nilitambua. Mabibi wote waliokuwa wodini walikuwa wameshatambua zamani. Mmoja akasema kwa jambo hili lazima mbuzi wa faini atolewe. Mwingine akamuuliza atolewe na nani kwenda kwa nani, wakati aliyeingiza mkono ni mama na mwenye kifua ni mkwe. Ubishi huo uliendelea hadi uji ulipoletwa, na mbuzi hakuna aliyemwona.

Lakini ninachokumbuka kuliko yote ni kwamba mama hakuutoa mkono ule. Aliuacha palepale, kiganja juu ya mgongo wa mtoto, hadi pumzi za Kemi zilipokaa sawa. Alikuwa analia. Mimi pia nilikuwa nalia, tena kwa sauti ya besi.

Pazia halikufungwa tena. Macho tulirudi kuyakwepesha, ila kwa kiasi tu. Nilikuwa nimeshamwona. Ana uso wa Jovitha.

Tuliruhusiwa mwishoni mwa mvua, na maharage yalikuwa yanaanza kuvunwa. Mama alikuja nasi Chonyonyo kuendelea na zamu. Kulala nyumba ya mkwe wake hakukubali hata kwa mtutu, kwa hiyo alipanga kwa mjane wa jirani, na kila asubuhi alikuja akipiga hodi kutoka barabarani ili nipate muda wa kujisitiri. Kisha alimchukua Kemi mwenyewe kutoka kifuani kwangu, akimwambia mtoto amwambie baba yake anywe chai.

Shida mpya ilikuwa Jovitha. Homa ilikuwa imekwisha, mshono umefunga, naye sasa alitaka mtoto wake. Alipomweka kifuani mara ya kwanza, Kemi alilia hadi akabadilika rangi. Nilipomchukua mimi, akanyamaza.

"Nilikwenda kufa," Jovitha alisema polepole, "nimerudi nakuta mmeshafunga ndoa."

Nilipaswa kufunga mdomo. Badala yake nilimwonyesha namna ya kupiga mafundo. Nikamwambia asimshike vile, amshike hivi. Nikamwimbia sehemu ya besi ajifunze.

"Nifundishe na kuzaa basi," akasema, akaingia ndani. Siku kadhaa alinijibu kwa ndiyo na hapana tu, chakula akanipa kupitia mama yake, na mama yake akakipitisha kwa Kemi. Wewe unayesoma, ukifika hapo nyamaza, toka nje, kapunguze majani ya migomba hata kama hayahitaji kupunguzwa. Niliporudi kutoka shambani jioni moja nilimkuta Kemi amelala kifuani kwa mama yake, mdomo wazi. Jovitha hakuniangalia, alikuwa anahesabu pumzi. Namjua mtu anayehesabu pumzi nikimwona.

Tukawa watatu wa zamu. Kemi alinenepa, akapata mikunjo mapajani, akaanza kung'oa nywele za kifua changu kwa makusudi. Jua la Februari likawaka. Asubuhi moja nilifungua shati kama kawaida nikamweka. Akaweka mikono yake miwili kifuani kwangu, akasukuma. Nikadhani amekosea. Akanipiga teke la tumbo, akapiga kelele. Tukampa bibi yake, akamsukuma bibi yake. Jovitha akamchukua, mtoto akanyonya, akashiba, na Jovitha naye akasukumwa.

Tulimkimbiza kliniki sote watatu, tumejaa kwenye bajaji, mama mkwe na mimi tukitazama pande tofauti. Sista Domina alimpima, akamgeuza, akatuangalia tulivyoshikwa na hofu.

"Amewakataa?"

"Ametukataa, Sista."

"Basi amepona." Akacheka hadi akaketi. "Mtoto akiwa na joto lake mwenyewe huwakataa. Hicho ndicho tulichokuwa tunakingoja. Nendeni mkashukuru."

Mama Leokadia alirudi kwa ng'ombe wake alasiri ile ile. Alisema wamemngoja vya kutosha. Alimbusu Kemi, akapanda bodaboda, akajifunika uso kwa kanga hadi walipopotea kwenye kona, na wala hapakuwa na vumbi.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini kesho yake asubuhi nilijikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda, shati wazi, nangoja. Hakuna aliyekuwa anakuja. Kemi alikuwa mkekani anapigana na kijiko. Kifua kilikuwa chepesi, nikahisi baridi mchana kweupe, nikaanza kulia.

Jovitha alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Akauweka mwiko juu ya meza, akaja akapiga magoti mbele yangu, akalaza shavu lake kifuani, palepale.

"Miezi yote hii hapa pamekuwa na foleni," alisema.

Sikusogea, hata uji ulipoanza kuungua.